Saa Nne Asubuhi, na Hakuna Aliyekufa

Nyinyi mliobaki pale redioni mmeniomba niwaandikie namna ya kutunza santuri, au disiki kama tunavyosema hapa Burundi. Nitaandika. Lakini nikianza na vitambaa na sabuni peke yake mtasinzia kabla ya ukurasa wa pili, nami nitasinzia pamoja nanyi. Kwa hiyo nitaeleza pia habari za sikukuu za wanamuziki wa zamani, maana hizo ndizo zilizonitoa kitandani mapema kwa miaka zaidi ya arobaini. Vyeo sitavitaja. Vilikuwa vichache na havikuwa na sauti nzuri.

Nilifika siku ya kwanza na viatu vipya, cheti cha shule na mikono iliyopakwa mafuta ya nazi, kama msichana yeyote wa mtaa wa Buyenzi anayekwenda mahali pa maana. Aliyenipokea alikuwa Mzee Deo, mkuu wa diskoteki. Kwetu diskoteki si mahali pa kucheza, ni chumba cha kutunzia disiki. Alikuwa amesoma seminari akaiacha, hakutaka kueleza kwa nini, na wakati ule hakuwa mzee hata kidogo, ila alizaliwa na sura ya kuitwa mzee. Hakunisalimia. Aliniambia nionyeshe mikono. Akainusa, akanituma kwenda kuinawa kwa sabuni mara mbili, akasema mafuta yangu yangeua watu waliokwisha kufa zamani. Wiki nzima kazi yangu ilikuwa kubeba disiki moja kutoka mwisho wa korido mpaka mwisho mwingine, nimeishika kwa viganja, kingo tu, bila kidole kugusa mfereji wa sindano hata mmoja. Nyumbani kaka zangu mafundi wa magari walicheka mpaka wakakaa chini.

Hao hao kaka ndio walionitatulia shida ya maji. Disiki haioshwi kwa maji ya bomba, maana yanaacha chokaa, na chokaa inapiga kelele chini ya sindano. Tafuteni yale maji safi wanayoongezea kwenye betri, gereji yoyote ya Buyenzi inayo. Tia tone moja la sabuni ya vyombo. Chukua kitambaa cha kitenge kilichochoka, kipya kinakwaruza, ufute kwa mzunguko kufuata mifereji, usikate kati. Ikauke ikiwa imesimama. Kiangazi vumbi litaingia hata kwenye chumba kilichofungwa, na mvua zikianza unyevu wa ziwa utaotesha ukungu kwenye maganda ya karatasi. Hakuna msimu wa kupumzika, msijidanganye.

Sasa njoo kwenye jambo lenyewe. Mzee Deo alikuwa na kasha la mbao lenye fishi, kadi ndogo, moja kwa kila siku ya mwaka. Kwenye kila fishi aliandika nani alizaliwa siku ile, nani alifariki, na kazi gani ilipigwa mbele ya watu kwa mara ya kwanza. Wallahi, siku aliponifungulia kasha lile nilisahau kula. Nilikuta kwamba wanamuziki wakubwa wawili wa zamani walizaliwa nchi moja, mwaka mmoja, hata mwezi haukupita kati yao, wakaishi maisha yao yote bila kuonana. Nikakuta mwingine ambaye kazi yake ilipopigwa mara ya kwanza, watu wenye suti na manyoya walianza kuzomeana ukumbini. Nilikuwa nikimkimbilia Mzee Deo na fishi mkononi kama niliyepokea telegramu ya jana. Yeye alinitazama juu ya miwani, akauliza tu kama nimenawa.

Majina yao hatukuyatumia sana. Hilo pia ni funzo lake. Alisema jina gumu la Kizungu linamfanya msikilizaji azime redio, kwa hiyo mwambie kwanza ni mtu wa namna gani. Ndiyo sababu kati yetu kulikuwa na Baba wa Ishirini, yule mpiga kinanda wa kanisani aliyejaliwa watoto ishirini, na kulikuwa na Kiziwi, aliyepoteza masikio lakini hakuacha kutunga. Mpaka leo nawaita hivyo, na humu nitawaita hivyo.

Kulikuwa na rafu moja niliyoogopa. Disiki zake zote zilibandikwa utepe mweusi ubavuni, na zote zilikuwa za muziki huo huo wa akina Kiziwi. Mzee Deo alinieleza kwa hasira. Mkubwa akifa, au mambo yakiharibika nchini, simu inapigwa redioni, sauti inasema tu, "Wekeni ile muziki," na kila mtu anajua ni ipi. Miaka imepita hivyo, mpaka mji mzima umejifunza. Vinanda na fidla vikisikika redioni asubuhi, mama anamwita mtoto ndani na muuza duka anashusha mlango. Mzee Deo aliniambia, "Zaituni, hii apana muziki ya kifo. Ni watu wameinyanganya." Alikuwa amebandua utepe mweusi kwa kucha zake kwenye disiki nyingi, lakini gundi ilibaki, na vumbi likaishika gundi, kwa hiyo ilikuwa vilevile.

Mwaka wa tatu wa kazi yangu ikafika sikukuu kubwa, miaka mia tatu tangu azaliwe Baba wa Ishirini. Mzee Deo aliiombea asubuhi moja tu, saa nne, na akapewa. Tuliosha disiki siku mbili. Tangazo lilisomwa mara moja mwanzoni, kwa Kirundi na kwa Kifaransa, kisha muziki ukaanza, nami nilikuwa nimesimama nyuma yake nikitabasamu peke yangu. Hatukufikiria kitu kimoja. Watu hawafungui redio mwanzoni. Wanaifungua wanapomaliza kufagia.

Baada ya nusu saa soko lilikuwa limefungwa. Wanawake walikwenda kuchukua watoto shuleni. Bandarini wapakizi waliacha meli ya Kigoma nusu tupu wakaenda nyumbani. Kaka yangu alikuja mbio mpaka geti la redio kunichukua, mikono imejaa grisi, ananiuliza kwa macho. Mkuu wetu wa wakati ule aliingia studio akanyanyua sindano katikati ya muziki, mkwaruzo ule ukaenda hewani nchi nzima. Mzee Deo aliandikishwa barua ya maelezo, akaondolewa diskoteki, akapelekwa depo, ghala letu la vifaa kule Zone Industrielle, kuhesabu viti na nyaya mpaka alipostaafu. Aliniachia kasha la fishi na hakuniaga. Tangu siku ile, mkewe aliniambia, alisikiliza habari tu kisha akazima.

Miaka iliyofuata sikukuu zilinipita mkononi moja baada ya nyingine. Kila Januari nilikaa na kasha nikaandika zile za mwaka, hamsini, mia, mia mbili, halafu nikafunga kasha. Niliiba kidogo. Wimbo ule wa ufunguzi wa kipindi cha mifugo mnaoupenda, wenye filimbi, ni wa Kiziwi. Amewatangulizia daktari wa ng'ombe kwa miaka mingi bila kulalamika.

Halafu akaja dirikteri huyu, mkuu wa redio mnayemjua, kijana, mpole, mwenye haraka ya kuingiza kila kitu kwenye kompyuta. Mwaka wangu wa mwisho akaniuliza, "Mama Zaituni, tukufanyie nini ya kukuaga?" Alitegemea niseme kitenge na keki. Nilimwambia nataka muda wa saa moja na robo hewani, kuanzia saa nne asubuhi. Nilikuwa na fishi mfukoni tayari. Ilikuwa miaka mia mbili tangu kazi kubwa ya mwisho ya Kiziwi ipigwe mara ya kwanza, ile ndefu yenye kwaya mwishoni. Haijapata kusikika nzima katika redio yetu, ila vipande, na vipande vile mnajua vilipigwa lini.

Alifikiri sana. Alikuwa amesikia habari za Mzee Deo, kila dirikteri huzisikia wiki ya kwanza. Mwishoni akakubali, ila akanipa sharti, bila ukali. Mji ukitikisika tena, rafu ile itakwenda depo kama alivyokwenda Mzee Deo, na hakuna atakayeigusa tena. Nikasema sawa. Nilitoka ofisini kwake nikaruka ngazi mbili mbili kwenye umri wa miaka sitini na kitu, mlinzi akadhani kuna moto.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu kubwa la kazi, na naliandika wazi ili msilirudie. Nilijiambia, safari hii watu waambiwe mapema, tena na tena. Nikachapisha vikaratasi: siku fulani, saa nne, mtasikia muziki wa vinanda, hakuna aliyekufa, ni sherehe. Nikavigawa mwenyewe kama kadi za arusi. Buyenzi nyumba kwa nyumba, bandarini kwa wapakizi na wale wa kutoa mizigo forodhani, viwandani, mpaka Kajaga kwa wavuvi na wauza samaki. Watu walinipokea vizuri, wakasoma, wakanishukuru, wakakunja karatasi polepole.

Siku ya tatu mji ulikuwa umejaa maneno. Redio imetuma mama mzima mwenye hijabu kwenda mlango kwa mlango kusema hakuna aliyekufa. Sasa jiulize mwenyewe. Nani anatembea juani kusema hivyo kama kweli hakuna aliyekufa? Dada yangu alinipigia akaninong'oneza nimwambie yeye tu, hatasema kwa mtu. Sukari ilianza kununuliwa kwa magunia. Dirikteri akaniita, zimebaki siku mbili, kikaratasi changu kiko mezani kwake, ametia mikono kichwani. Alisema anafuta. Hata mimi ningeogopa.

Nilishuka getini nikalie mbali na watu. Nikamkuta Konsolata, muuza samaki wa Kajaga, ameshika kikaratasi changu, beseni liko chini, anabishana na mlinzi. Alitaka kumwona mwenye kuandika. Nikamwambia ni mimi, na kwamba ni kweli, hakuna aliyekufa, kuna mtu mmoja tu aliyetunga muziki wa furaha, na imetimia miaka mia mbili. Akanitazama juu mpaka chini.

"Kama ni furaha, impundu iko wapi?" akaniuliza. "Mutu akizaa, jirani anasikia impundu. Hakuna mutu anakuja kumupa karatasi."

Nilimshika mkono nikampandisha ngazi na samaki zake. Nyinyi mlio wageni na mambo yetu, impundu ni vigelegele vya hapa Burundi. Vinapigwa mtoto akizaliwa, arusi ikija, mtu akipona. Msibani havipigwi kamwe, na hakuna mtu kutoka ziwani mpaka milimani atakayevichanganya na kilio. Kazi ile ya Kiziwi ina sehemu nne, na kwenye seti yetu kila sehemu inakaa upande wake wa disiki. Sindano ikifika mwisho lazima ugeuze disiki. Mzee Deo alinifunza kwamba kazi ya mtu haikatwi, lakini mahali pa kugeuza disiki mtunzi mwenyewe ameacha nafasi, na hapo ndipo impundu ingeingia. Konsolata alieleza kwa dirikteri kwa maneno yake, beseni mlangoni, ofisi nzima inanuka mukeke, samaki wa ziwa letu. Dirikteri aliuliza swali moja tu, kama wataweza kuja wengi.

Walikuja tisa, wamevaa vitenge vya sikukuu. Niliwapanga studio mbali na mikrofoni, maana impundu ikikaribia sana inapasua spika. Niliwaambia wakiona taa nyekundu na mkono wangu juu, wapige, mkono ukishuka wanyamaze. Tulipokuwa tukisubiri wakataka kujua huyo mwenye sherehe ni nani, nikawaeleza. Nikasema siku ile ya kwanza alikuwa kiziwi kabisa, amesimama mbele ya wapiga muziki, amewapa watu mgongo. Muziki ukaisha, ukumbi ukalipuka, naye hana habari. Mwimbaji mmoja mwanamke ndiye aliyemshika akamgeuza, akaona vitambaa vinapepea. Konsolata alifuta macho kwa ncha ya kitenge, akasema yule mwanamke alilelewa vizuri.

Saa nne ikagonga. Kazi ile inaanza kwa mnong'ono, na mnong'ono ndio uliokuwa ukitutisha kuliko kishindo. Nikainua mkono. Wanawake tisa wakapiga impundu mpaka mishale ya mita za kupimia sauti ikalala kulia, na sauti yao ya mwisho ilipokuwa ikizima, fidla zikaingia chini yake. Jamani, sijui niseme nini. Miaka yote ile nilikuwa nimeisikia kwa visikilizio vya masikioni, nimejifungia, kama mtu anayekula peke yake. Sehemu ya kwanza ikaisha, impundu. Ya pili, ile ya ngoma, ikaisha, impundu. Dirikteri alikuwa dirishani akitazama barabara, na kila nilipomwangalia alinionyesha kidole gumba bila kugeuka. Kaka yangu alituma ujumbe kwamba soko liko wazi, na watu wanauliza arusi ni ya nani.

Upande wa nne ndio ulionishinda, na hili silijutii. Yule mwanamume wa sauti nzito alipoanza kuimba peke yake, wanawake waliinuka vitini. Kwaya ilipoingia yote, Konsolata alinitazama, nikatikisa kichwa kumkataza, mkono wangu uko chini kabisa. Wakapiga. Juu ya kwaya, juu ya ngoma, katikati ya kazi ya mtu. Kidole changu kilikuwa kwenye kitufe cha mikrofoni yao. Nilikumbuka kila kitu nilichofunzwa, nikaondoa kidole. Nilikuwa nalia kwa sauti, na nadhani nililia hewani.

Ilipokwisha sikungoja keki. Nilipanda pikipiki mpaka Ngagara kwa Mzee Deo. Sasa amepita miaka themanini, mkewe ametangulia, anaishi na dada yake. Sikuwa nimempelekea kikaratasi. Sikuthubutu. Nilitaka nimwombe radhi mwenyewe, uso kwa uso, kwa kuacha watu wapige impundu juu ya kazi ya Kiziwi, kabla hajaambiwa na mwingine.

Nilikuta uani kwake kumejaa. Majirani wamekaa kwenye viti vya plastiki, wengine wamesimama, kuna kreti ya bia na soda, kuna mwanamke amebeba kikapu cha unga kama wa kupeleka kwa mzazi. Redio ilikuwa dirishani, imefunguliwa mpaka mwisho. Mzee Deo amekaa katikati na shati la Jumapili, anapokea mikono ya watu mmoja mmoja. Nilipomwinamia, kabla sijasema neno, aliniambia upande wa tatu una mchubuko karibu na mwisho, na kwamba niliufuta kwa kitambaa kipya. Ilikuwa kweli. Nikamwambia kuhusu upande wa nne, nikamwambia nisamehe, Mzee.

Alivua miwani. Kisha akanivuta sikio karibu.

"Walisikia impundu kwangu, wakaja kuuliza ni nani amezaliwa," akasema. "Nimewaambia ni kwangu. Ni binti."

Nikamwambia, Mzee, kudanganya majirani kwa umri huu.

"Apana kudanganya. Wameuliza jina, nimesema Zaituni."

Yule mwanamke wa kikapu alinisogezea kiti na soda baridi. Akaniuliza kwa heshima mimi ni nani kwa mzee, na ninaitwa nani. Nilishika chupa kwa mikono miwili nikashindwa kumjibu.